Singida: Fedha ya ndugu aliye gerezani ipite njia ipi?

Mkoani Singida fedha ina majira yake. Alizeti ikishavunwa na kuuzwa, kati ya Juni na Agosti, nyumba nyingi za Ikungi, Iramba na Mkalama hulipa madeni, hununua sare za shule na kuezeka mabati. Ikifika Januari na Februari mambo hugeuka. Mtama na mahindi ya mwaka jana yanaisha, ya mwaka huu bado yako shambani, na akiba inayobaki ni kuku wanaozunguka uani. Kesi haingoji mavuno. Kijana akikamatwa Februari, siku hiyo hiyo nyumba inaanza kutafuta fedha. Wanauzwa kuku, anafuata mbuzi, na mwisho huuzwa alizeti ambayo haijakomaa, kwa bei anayoitaka mnunuzi.

Fedha hiyo inakwenda wapi? Sehemu inaishia kwenye nauli. Nyingine inamfikia aliyekusudiwa, ikiwa sabuni au dawa ya meno. Na sehemu kubwa, katika familia nyingi mno, inapotelea katikati, mikononi mwa watu wasioandika jina wala kutoa stakabadhi. Familia hizo zina upendo wa kutosha. Zinachokosa ni maelezo ya wazi, yaliyoandikwa, kuhusu shilingi gani ipite wapi na ipi haipaswi kulipwa kabisa.

Gharama kabla ya hukumu

Singida ina gereza mjini, lingine Manyoni, lingine Kiomboi, na Gereza la Ushora wilayani Iramba. Kwenye ramani huonekana kama kila wilaya ina mahali pa karibu. Barabarani hali ni tofauti. Mtu wa Sepuka au Mgori atapanda bodaboda hadi penye gari, kisha gari hadi mjini. Mtu wa Rungwa au Mitundu ana safari ndefu hadi Itigi, ndipo aitafute Manyoni. Ndugu akipata kifungo kirefu na kuhamishiwa gereza kuu kama Isanga la Dodoma, kuna kilomita zipatazo 240 kutoka Singida mjini, kwenda tu.

Mahali mtu anaposhikiliwa hufuata mahali kesi ilipofunguliwa, hata kama kwao ni mbali. Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi na aliyekuwa mbunge wa Singida Mashariki, alikamatwa Mbinga mkoani Ruvuma tarehe 9 Aprili 2025. Kesho yake alishtakiwa kwa uhaini katika Mahakama ya Kisutu na kuwekwa mahabusu Dar es Salaam. Yeye ana jina, chama na mawakili. Mkulima wa kawaida anayeshtakiwa mkoa wa mbali ana mke au mama, na simu yenye salio dogo.

Jambo hili lina sura ya kimataifa pia. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015, zinasema katika Kanuni ya 59 kwamba mfungwa awekwe, kadiri inavyowezekana, karibu na kwao au mahali atakaporudi kuishi. Walioiandika walielewa kwamba umbali nao ni adhabu, na kwamba anayeitumikia zaidi ni mtu wa nje.

Kwa mahabusu safari hizo hazina mwisho unaojulikana. Kesi hutajwa kila wiki mbili hivi, upelelezi huelezwa kuwa haujakamilika, tarehe nyingine hupangwa. Zamani ndugu walijua kwamba siku ya kutajwa watamwona mtu wao akishuka kwenye karandinga, hata kama ni kwa kupungiana mkono. Tangu mwaka 2020, mahakama zilipoanza kutumia video kwa wingi, mashauri mengi hutajwa mshtakiwa akiwa gerezani. Serikali inaokoa mafuta ya gari, na ndugu waliozoea kukutana naye mahakamani sasa hawana budi kwenda gerezani kwenyewe.

Tukumbuke mahabusu ni nani. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Kwa miaka mingi karibu nusu ya watu waliomo katika magereza ya Tanzania wamekuwa mahabusu, katika magereza yenye nafasi ya watu wasiofika 30,000 ambayo mara nyingi hubeba zaidi ya hapo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha inayopelekwa gerezani inakwenda kwa watu ambao mahakama bado haijasema wana kosa.

Geti linaruhusu nini

Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 ndiyo inayotawala geti. Mtu anapoingia, fedha na vitu alivyonavyo huchukuliwa, huandikwa na kuhifadhiwa chini ya mkuu wa gereza hadi siku ya kutoka. Ndani, mfungwa hashiki fedha taslimu. Kumpenyezea fedha, simu au kitu chochote kilichokatazwa ni kosa la jinai kwa anayeleta, na adhabu kwa anayepokea.

Katazo hilo lina sababu njema na familia zinapaswa kulielewa. Noti ndani ya selo huleta kamari, deni na upendeleo. Mwenye nguvu humnyang'anya asiye na nguvu, na anayejulikana kuwa na fedha huanza kuombwa, kisha kutishwa. Mama anayeshonea elfu kumi kwenye pindo la suruali ya mwanawe anadhani anamsaidia, kumbe anamweka hatarini mara mbili: kwa wenzake na kwa sheria.

Njia halali ni kuikabidhi ofisini. Kanuni ya 67 ya Mandela inaeleza utaratibu vizuri: fedha na mali za mfungwa ziorodheshwe, mfungwa asaini orodha hiyo, vitunzwe salama, na vitu au fedha zitakazotumwa kwake baadaye kutoka nje zitendewe vivyo hivyo. Akitoka, anarudishiwa na anasaini tena. Huo ndio msingi wa kila mfumo wa haki wa fedha za wafungwa duniani, uwe wa daftari au wa kompyuta.

Kuna tofauti kati ya mahabusu na mfungwa ambayo ndugu wengi hawaijui. Mahabusu anaweza kuletewa chakula na nguo kutoka kwao, chini ya masharti ya gereza. Chakula hukaguliwa, na aliyekileta anaweza kutakiwa akionje mbele ya askari. Mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa anakula chakula cha gereza na kuvaa sare. Kwa hiyo fedha ya mboga na nyama ni ya kipindi cha mahabusu. Baada ya hukumu mahitaji hubaki madogo: sabuni ya kuogea na kufulia, dawa ya meno, mswaki, mafuta ya kujipaka, ndala.

Kwa wanawake kuna pedi pia. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, zinazohusu wanawake walio kifungoni, zinataka pedi zitolewe bure. Familia zinazomtembelea binti au mama aliye ndani zisione aibu kuuliza getini kama zipo, na zisipokuwepo, kuzibeba. Mwanamke aliyefungwa mara nyingi hutembelewa kidogo kuliko mwanaume, maana aliyezoea kuwabebea wengine vikapu sasa ndiye aliye ndani.

Namba ya simu isiyo na ofisi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na leo kijiji ambacho hakina benki kina wakala. Kwa mama wa Ndago, kupanda gari hadi Kiomboi kukabidhi shilingi elfu tano ofisini ni gharama kuliko elfu tano yenyewe. Basi anaposikia kuna namba ya kutumia, na mtu atakayetoa fedha na kumpelekea kijana, anatuma. Anatuma na ya kutolea. Kinachobaki mkononi mwake ni ujumbe wenye jina la mtu asiyemfahamu.

Fedha hiyo huenda ikafika. Askari mwenye huruma anaweza kununua sabuni na kuikabidhi kwa uaminifu. Lakini isipofika, mama hana pa kudai. Na ikifika, yule askari mwema hana pa kujitetea siku atakapotuhumiwa kwamba amekula fedha ya mfungwa au amejenga urafiki usiofaa naye. Stakabadhi humlinda mwenye kutoa, mwenye kupokea na mwenye kutunza. Kuikosa kunamnufaisha mwizi peke yake.

Kisha kuna matapeli ambao hata gereza hawalijui. Simu inalia usiku: mwanao amekamatwa, yuko kituoni, tuma laki mbili tumalizane asipelekwe mahakamani. Mzazi ambaye kweli ana mtoto aliyehamia Dodoma au Arusha kutafuta maisha hutetemeka na kutuma. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu huonyesha jina la mwenye laini. Lisomwe. Apigiwe kwanza mtoto mwenyewe, au ndugu aliye karibu naye. Namba ya tapeli iripotiwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia 15040. Na jambo moja lishikwe na kila nyumba: dhamana ya polisi hailipiwi. Anayedai fedha ili atoe dhamana anaomba rushwa, na namba ya TAKUKURU ya kumripoti ni 113, bure.

Wapo pia vishoka, watu wanaojifanya mawakili au watu wa karibu na hakimu. Huvinjari nje ya mahakama na kuwasoma watu nyuso. Hupokea fedha ya kuandika rufaa, fedha ya kufuatilia jalada, fedha ya kuonana na mkubwa. Kwa familia iliyouza mbuzi, kishoka mmoja anaweza kumaliza fedha ambayo ingelipa faini yote na mtu akarudi nyumbani.

Shilingi ipi itangulie

Familia yenye fedha kidogo inahitaji kujua mpangilio. La kwanza ni faini. Hukumu nyingi za makosa madogo hutolewa kwa namna mbili: faini, au kifungo asipolipa. Mtu aliyehukumiwa faini au miezi sita kwa kukata mkaa bila kibali au kupika gongo yumo gerezani kwa kukosa fedha. Faini ikilipwa, kifungo cha namna hiyo kinakoma. Inalipwa serikalini kwa namba ya malipo itolewayo na mahakama, nayo stakabadhi yake ndiyo inayofuatiwa na amri ya kumwachia. Kwa ndugu wa mtu wa aina hiyo, kupeleka sabuni kila mwezi huku faini haijachangwa ni kukosea mpangilio. Ukoo ukae, kila mtu atoe alichonacho, ilipwe.

La pili ni rufaa, na hapa kuna habari ambayo ingeokoa mbuzi wengi. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 10, na kuwasilisha sababu zake ndani ya siku 45. Mfungwa anaweza kupitisha karatasi hizo kwa mkuu wa gereza, ambaye huzifikisha mahakamani. Kwa aliyehukumiwa na mahakama ya mwanzo, rufaa huenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Hakuna haja ya mpatanishi wa nje ya geti. Kinachotakiwa ni kuwahi.

La tatu ni mwanasheria halali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamwezesha asiye na uwezo kupata msaada bure, nayo inatambua wasaidizi wa kisheria walioko ngazi za chini. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imefika Singida pia. Ofisi ya halmashauri ina mtu wa kuuliza kabla kuku hawajauzwa.

La nne ndipo yaje mahitaji ya mwili, na la tano nauli ya kumtembelea. Sisemi nauli ni ya mwisho kwa sababu haina maana. Kanuni ya 58 ya Mandela inalinda mawasiliano ya mfungwa na familia, na kila aliyewahi kufungwa atakwambia kuonwa na mtu wake kunamtia nguvu kuliko mfuko wa sukari. Lakini barua nayo humfikia, na nauli iliyookolewa katika safari moja inaweza kukamilisha faini.

Anayelipia kifungo cha mdaiwa

Sheria zetu zenyewe zinakiri kwamba kukaa kifungoni kuna bei. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, mtu aliyeshinda kesi ya deni anaweza kuomba mdaiwa afungwe gereza la madai. Lakini mshindi huyo ndiye anayetakiwa kulipa, mapema, posho ya kumtunza mdaiwa akiwa ndani. Akiacha kulipa, mdaiwa anaachiwa. Fedha inayoingia gerezani hapo ni ya adui, na imepangwa kisheria: nani alipe, alipe lini, na nini kitatokea asipolipa.

Linganisha na mama wa mfungwa wa jinai. Yeye hakuna aliyempangia chochote, ingawa mzigo anaubeba. Julai 2018 Rais John Magufuli aliitaka Magereza iwafanye wafungwa wazalishe chakula chao wenyewe, na mjadala ukawa mkubwa kuhusu gharama anayobeba mlipakodi. Mjadala huo ulikuwa wa haki. Kilichokosekana ni hesabu ya pili, ya gharama zinazobebwa na kaya ambazo zenyewe ni walipakodi, na ambazo huenda mfungwa huyo ndiye aliyekuwa mlimaji wao mkuu. Aliye ndani halimi shamba la kwao. Nyumba imepoteza mikono yake, kisha inatakiwa itume fedha.

Wenzetu wamefanyaje

Uingereza na Wales, tangu tarehe 2 Novemba 2020, fedha ya mfungwa hutumwa kwa kadi ya benki kupitia tovuti ya serikali. Mtumaji huandika tarehe ya kuzaliwa ya mfungwa na namba yake ya kifungo, na huduma yenyewe haitozi ada. Walifunga njia za hundi na fedha za posta ili kila senti iwe na mwanzo na mwisho unaoonekana.

Marekani inatupa somo la kinyume. Huko kazi hiyo imeachiwa kampuni binafsi katika majimbo mengi, nazo hutoza ada kwa kila fedha inayotumwa. Kampuni ya JPay, mojawapo ya kubwa zaidi, iliwahi kuwapa wanaotoka gerezani fedha zao kwenye kadi zinazokatwa ada. Oktoba 2021 wakala wa serikali wa kulinda watumiaji wa huduma za fedha uliiamuru irudishe dola milioni 4 kwa wateja na kulipa faini ya dola milioni 2. Teknolojia bila ulinzi wa sheria inaweza kumnyonya maskini kwa ustadi kuliko daftari.

Tanzania haihitaji kuanza na mtambo mpya. Serikali inakusanya faini, ada na bili kwa namba ya malipo, na mwanakijiji wa Shelui anajua kulipa kwa namba hiyo kupitia simu yake. Kila mfungwa na mahabusu ana namba ya kumbukumbu gerezani. Kuziunganisha mbili hizo kungempa mama wa Ndago uwezo wa kutuma elfu tano akiwa nyumbani, ikaingia kwenye hesabu ya mwanawe, stakabadhi ikabaki kwenye simu yake, na duka la gereza likamkatia sabuni kwa kusaini. Kuwekwe kiwango cha juu kwa mwezi ili mwenye fedha asiwatawale wenzake. Ada isiwepo.

Hadi hapo patakapofika, kuna jambo la karatasi moja. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023, ilitazama mnyororo mzima kuanzia ukamataji hadi gerezani. Katika mnyororo huo pete ya familia ndiyo isiyo na ofisi. Mkuu wa kila gereza anaweza kuipa pete hiyo tangazo lililobandikwa nje ya geti, kwa Kiswahili chepesi: siku na saa za kutembelea, vitu vinavyoruhusiwa kwa mahabusu na kwa mfungwa, mahali pa kukabidhi fedha, jina la cheo cha anayepokea, na sentensi moja iliyokolezwa wino kwamba fedha isiyo na stakabadhi isitolewe. Nakala yake ipelekwe mahakamani, kituo cha polisi na ofisi ya kila mtendaji wa kijiji. Hilo halihitaji bajeti ya Bunge.

Na kuna siku moja ambayo fedha iliyotunzwa vizuri hupata maana yake yote, nayo ni siku ya kutoka. Tarehe 9 Desemba 2019, katika Sikukuu ya Uhuru, wafungwa 5,533 walisamehewa kwa mkupuo mmoja. Wengine hutoka kimya kimya kila siku, wamemaliza theluthi mbili za kifungo na kupunguziwa theluthi kwa tabia njema. Mtu anayefunguliwa geti la Isanga akiwa hana kitu mfukoni ana njia chache za kufika Iguguno, na baadhi ya hizo humrudisha alikotoka. Siku hiyo kila shilingi iliyowekwa kwa jina lake ihesabiwe mbele yake, asaini, aondoke nayo. Asiambiwe anafanyiwa hisani. Ni mali yake, na ni jasho la watu waliomsubiri.